Kitufe cha Maji

Watu wa Morogoro wana midomo, tusifichane. Wape ukurasa wenye nafasi ya kuandika maoni ndipo utawajua. Chini ya kila tangazo la Jirani wa Mlima, liwe la bei ya karoti au la mbuzi aliyepotea, lazima mtu angeandika, "Na kitufe je?" Mwingine naye chini yake: "Kitufe kimekwenda kuhiji, kitarudi na tende." Wa tatu: "Dada Hafidha, umelala au umeolewa kimyakimya?" Na Hafidha alikuwa anayasoma yote hayo, kwa sababu ndiye aliyeutengeneza mtandao ule na ndiye aliyedaiwa kitufe.

Jirani wa Mlima ulikuwa mtandao wa wakulima wa mboga, wale wa juu milimani Uluguru na wale wa chini bondeni. Humo utakuta bei za sokoni, matangazo ya misiba, nani ana mbegu, barabara ipi imekatika. Mwenyekiti wa umoja wao alikuwa Abel, mkulima wa vitunguu, mwanamume wa shati lililonyooshwa ambaye hakuna kitu alichokiogopa duniani zaidi ya kusemwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Mji Mpya, nyuma ya duka la pembejeo, chumba kinachonuka dawa ya wadudu kutwa nzima. Humo ndimo Hafidha alimokuwa anashinda na kompyuta yake.

Aliyekiomba kitufe ni Eufrazia. Huyu ni mama mtu mzima wa kijiji cha juu kabisa, ambacho kwa ajili ya kanisa lake watu hukiita Misheni tu. Analima kabichi na stroberi kwenye matuta yaliyoning'inia juu ya mto. Mzigo wake ukishuka, anayeupokea ni Mwaisha, mama mzazi wa Hafidha, aliyekuwa analima mchicha na matembele bondeni Bigwa, kando ya mto uleule. Mmoja ana rozari, mwenzake ana tasbihi, na walivyopendana hao, ungedhani wamenyonya ziwa moja. Masika ya mwaka uliotangulia, Eufrazia aliuona mto umegeuka ghafla, umekuwa mzito kama uji wa ulezi, magogo yanabingirika ndani. Akajua huko juu zaidi kumenyesha vibaya. Bondeni saa hizo jua linawaka na watu wanapalilia, hawana habari. Akampigia Mwaisha. Mwaisha akatupa jembe, akapiga mayowe bonde zima, watu wakatoka mbio na matope yao miguuni. Maji yakachukua matuta, yakachukua na banda la kuku la mtu, lakini roho hayakuchukua hata moja.

Baada ya siku ile Eufrazia aliandika mtandaoni, kwa simu ya kupangusa aliyoletewa na binti yake Upendo: "Salio langu lilitosha mtu mmoja. Mwaisha asingepokea, ningefanyaje? Tuwekeeni kitu cha kubonyeza, nikibonyeza mara moja wote wa chini wapate." Loh, waliounga mkono hawakuwa na idadi! Hafidha alijibu siku hiyohiyo, damu ikimchemka kwa furaha, kwamba wameipokea rai na wanaifanyia kazi. Laiti angejua jinsi maneno yale yangemrudia.

Sasa na wewe utasema, kitufe tu ndiyo msimu mzima? Ndivyo alivyosema hata Mwaisha. Kila Hafidha alipopita Bigwa kumsalimia, mama alimpokea kwa kebehi, ndoo ya kumwagilia mkononi. "Haya, mzazi! Bado hujajifungua? Hii mimba ya tembo au ya nini?"

"Mama, na wewe umekuwa mtandao?"

"Nakuuliza kwa sababu nalala na mto kitanda kimoja, mwanangu. Huyo wa Dar anayekuandikia matusi mtandaoni anakaa ghorofani."

Hafidha alicheka, ila moyoni iliuma. Kitufe chenyewe, lile duara jekundu, alilichora kabla chai haijapoa. Kazi ilikuwa nyuma yake. Bondeni wengi wana vitochi, simu zisizojua mtandao ni mdudu gani, kwa hiyo tahadhari lazima ifike kama meseji ya kawaida. Kutuma meseji bonde zima kwa mpigo mmoja lazima kampuni ya simu ikupe kibali, na kibali kilikuwa mezani kwa bwana mmoja ambaye kila akipigiwa anasema wiki ijayo. Halafu abonyeze nani? Ukimruhusu kila mtu, mlevi mmoja atawakimbiza watu usingizini. Ukimruhusu mmoja, siku akiumwa je? Na watu wakishakimbizwa bure, nani atakimbia siku ya kweli? Haya yote Hafidha aliyaeleza mtandaoni, kwa upole, kwa aya ndefu na kuomba radhi juu. Wa kwanza kujibu aliandika, "Maelezo mengi. Kitufe lini?"

Mwishowe kibali cha kujaribia kikatoka. Waliochaguliwa kubonyeza kule Misheni walikuwa wawili, Eufrazia na Agustino, katekista, mtu makini asiyeweza hata kuchelewa kupiga kengele. Walikijaribu siku moja waliyotangaziana. Vitochi vya bondeni vikalia vyote pamoja, wanawake wakashangilia kwa vigelegele, na Mwaisha akapiga picha na meseji yake kana kwamba ni mjukuu. Hafidha akashusha pumzi. Kikaachwa kifanye kazi.

Kilichokuja kuwaponza hakikuwa mtambo. Kilikuwa utani.

Agustino alifiwa na mjomba wake. Kwa Waluguru mjomba ndiye ukoo wenyewe, kwa hiyo msiba ulikuwa mkubwa, na watani hawakukosa. Unawajua watani msibani: nyinyi mnalia, wao wanacheka, nyinyi mnachimba kaburi, wao wanalala humo ndani na kusema hawatoki mpaka wapewe kuku. Kiongozi wao alikuwa Yunusi, mchuuzi wa ndizi wa Bigwa, fundi hasa wa kazi hiyo. Huyu ukoo wake ulitaniana na wa Agustino, ulitaniana na wa Mwaisha pia, na hapakuwa na kilio asichoweza kukigeuza kicheko. Akamnyang'anya Agustino simu, kama mila inavyomruhusu, akatangaza ameiteka mpaka ikombolewe. Akiwa anaipangusa mbele za watu, akaliona duara jekundu.

"Ehee! Hiki si kile cha maji? Basi ngoja tumletee marehemu maji ya kuogea!"

Akabonyeza. Msiba mzima ukaangua kicheko, hata mjane alicheka. Yunusi mwenyewe alisahau kwamba mke wake yuko bondeni anapalilia.

Chini hakuna aliyecheka. Vitochi vililia, watu wakatupa majembe na kukimbia, mama mmoja akasahau mtoto kivulini akarudi akilia. Mzee Abasi, jirani wa Mwaisha shambani, akatumbukia mtaroni na kuvunjika mguu. Mwaisha alirudi kumvuta, huku akimtukana mzee wa watu kwamba mzito kama gunia la chumvi, akamfikisha barabarani. Wakakaa pale juu wanatazama mto. Mto ukawa unapita zake, maji meupe, taratibu, hata majani hayatikisiki.

Yunusi alishuka na kuku, akampigia magoti Mzee Abasi. Mzee akampokea, kwa sababu mtani hagombwi, na yeye analijua hilo kuliko wengi. Lakini Hafidha aliona jambo ambalo kwenye kompyuta asingeliona maisha yake yote: simu ya mtu wa Uluguru msibani si yake. Angeweza kuweka namba ya siri, lakini mtani anaweza kumlazimisha mwenye simu aitaje mbele ya watu, na mila iko upande wake. Akaamua tahadhari isitoke mpaka mtu wa pili huko juu, aliye mahali pengine, akubali kwamba naye ameona. Kwa hilo ilibidi sehemu kubwa aibomoe na kuijenga upya. Akakizima kitufe na kukiondoa, akaandika sababu.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka sawasawa. "Mmetunyang'anya!" "Kosa la Yunusi tunaadhibiwa wote?" "Mnataka tufe ndipo mkirudishe?" Wengine wakasema wanahama, wanafungua kundi lao la WhatsApp. Abel akaja ofisini kwa Hafidha, shati limelowa jasho.

"Dada Hafidha, kirudishe."

"Hakijawa tayari, mwenyekiti."

"Sijasema kifanye kazi. Nimesema kionekane."

Hafidha akamtazama. "Kionekane halafu?"

"Halafu watu watulie! Wakikiona pale watajua kazi inaendelea. Wewe malizia nyuma huko taratibu. Nani atakuuliza?"

"Na mtu akikibonyeza akidhani kinafanya kazi?"

"Utaandika kuwa ni majaribio. Watu wanajua kusoma, dada yangu."

Walibishana mpaka mwenye duka akagonga ukuta. Mwishowe Hafidha alichoka. Alichoka na Abel, alichoka na kuitwa mvivu na watu aliokuwa anakosa usingizi kwa ajili yao. Akakirudisha, safari hii mbele ya kila mtu. Chini yake akaandika "majaribio" kwa herufi ndogo, na akakielekeza kwenye simu mbili tu, ya kwake na ya Abel. Yale maneno yanayotokea mtu akishabonyeza, "Asante, tahadhari yako imetumwa," yalibaki vilevile tangu mwanzo. Aliyaona. Akasema atayabadilisha, tena akajiambia si uongo, maana inatumwa kweli, inakuja kwake. Akabandika tangazo refu mtandaoni, akarudi kwenye kazi.

Hafidha alimwambia mama yake kwa mdomo, "Mama, bado hakifanyi kazi, usikitegemee."

"Mimi namtegemea Eufrazia," Mwaisha akajibu. "Yeye atanipigia kama zamani."

Tatizo ni kwamba Eufrazia hakulisoma tangazo. Yeye akifungua mtandao anakwenda moja kwa moja kwenye bei ya stroberi. Aliliona duara jekundu limerudi, akafanya ishara ya msalaba na kusema hatimaye. Hafidha aliwaza kumpigia amweleze. Aliwaza asubuhi moja, akawaza tena siku nyingine, kila mara kukazuka jambo.

Na kitufe kikishaonekana, nani ataacha kukibonyeza? Watu walikijaribu wakiwa sokoni, walikijaribu kwenye kijiwe cha kahawa, wa Dumila walikijaribu, mwingine yuko Kisaki anasubiri treni anakijaribu kuua muda. Simu ya Hafidha ikawa inapiga kelele kutwa. MAJI YANAKUJA, MAJI YANAKUJA, na maji hakuna. Akaizima sauti.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Hafidha alikuwa kwenye ile sehemu ya mtu wa pili, na kwa mara ya kwanza ilikuwa inamtii. Alikuwa ameshapanga kwamba jioni atashuka Bigwa na kumwambia mama, haya, nimejifungua. Simu ikawaka mezani. MAJI YANAKUJA. Eufrazia, Misheni.

Akainua macho, akachungulia dirishani. Mwenye duka alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai, na jua lilikuwa linayapiga hadi yanang'aa. "Hata mama mkubwa naye?" akasema Hafidha, akacheka kidogo, akaigeuza simu kifudifudi na kuendelea.

Mungu wangu. Mtu aliyekitengeneza kitu kile kwa sababu bondeni jua huwaka huku mlimani kunanyesha, ndiye huyo aliyechungulia dirishani kuangalia kama kunanyesha. Mimi nikilifikiria hilo mwili unanisisimka mpaka leo.

Aliigeuza simu alipotaka kujua kama adhuhuri imeingia. Akakuta kaka yake Hatibu, anayeishi na mama Bigwa, amempigia na kupiga na kupiga. Akampigia papo hapo.

"Kaka, shikamoo. Mama yuko wapi?"

Hatibu alisikika akipumua, na nyuma yake watu wanapiga kelele, na nyuma ya watu ule mngurumo wa mto. "Njoo," akasema.

Wengi walipona kwa kuwa walikuwa upande wa barabara. Mwaisha alikuwa amevuka, yuko ng'ambo kwenye matembele yake, kainama. Walimkuta chini kabisa, amezuiwa na mianzi. Pembe ya kanga ilikuwa bado imefungwa fundo, na ndani ya fundo kitochi chake, kimeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni kama alivyokiviringisha siku zote akienda shambani. Hatibu alipokifungua kilikuwa kinawaka. Kilikuwa na chaji na kilikuwa kinashika mnara. Hapakuwa na simu hata moja iliyoingia ambayo mama hakuipokea.

Akazikwa kesho yake asubuhi. Watani walifika, na Yunusi mbele, kwani ndiyo zamu yake, na Mwaisha alikuwa mtani wake wa kutukanana kila siku. Akina mama wakamhimiza: haya, tuchangamshe. Yunusi akalichukua jembe la marehemu, akaliweka begani, akajikunja mgongo kama Mwaisha anavyotembea. Watu wakasubiri. Midomo ikamcheza, sauti haikutoka. Akaliegemeza jembe ukutani polepole, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake, na hakuna aliyewahi kumwona Yunusi akishindwa kabla ya hapo.

Eufrazia alifika baada ya mazishi. Njia ilikuwa imekatika, alizunguka kwa miguu, viatu mkononi. Aliingia chumbani kwa wanawake, wakampisha kwenye mkeka kando ya Hafidha.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole, mwanangu." Akaushika mkono wa Hafidha kwa mikono yake yote miwili, mikono migumu yenye udongo kwenye kucha. Akalia kwanza. Kisha akaanza kusema, akimtazama Hafidha kama mtu anayetaka ahukumiwe.

"Nilibonyeza, mwanangu. Nakuapia kwa Bikira Maria nilibonyeza. Nilipouona tu mto, nikabonyeza, nikaona maneno, imetumwa. Nikasema Mungu ni mwema, leo wote wamepata, sina haja ya kupiga. Nikaenda zangu kuanua maharage." Akautikisa mkono wa Hafidha. "Salio nilikuwa nalo! Ningempigia. Angepokea Mwaisha, yeye huwa anapokea. Mimi ndiye niliyemuua mwenzangu kwa uvivu wa kupiga simu."

Wanawake wakamzuia wote kwa pamoja. Usiseme hivyo, dada. Ni mtandao tu, unajua tena mitandao ya huku milimani. Meseji zinapotea njiani, kila siku zinapotea. Kazi ya Mungu haina makosa. Mlangoni alikuwa amesimama Abel, amekuja kutoa pole, shati jeupe limenyooshwa. Siku ile ya maji simu yake ilikuwa imeisha chaji, yeye yuko mnadani Dumila, na meseji aliikuta jioni. Alimtazama Hafidha, akatikisa kichwa kidogo sana, akainamisha macho.

Njia ilikuwa wazi. Angenyamaza tu, lingepita, watu wangelaumu mnara na milima. Lakini Eufrazia alikuwa amemshika mkono, na Hafidha aliona angebaki ameshikwa hivyo maisha yake yote, na mwanamke huyu angerudi Misheni na mzigo ambao si wake.

"Haikupotea, mama mkubwa," akasema. "Ilifika."

Eufrazia akamsogelea.

"Ilifika wapi?"

"Kwangu. Kitufe hakikuwa kinatuma bondeni bado. Kilikuwa kinatuma kwangu tu. Niliisoma palepale, na jina lako nililiona."

Eufrazia hakuuachia mkono. Alimtazama tu, machozi yamemkaukia usoni, akijaribu kuelewa.

"Ukaisoma," akasema. "Halafu?"

"Halafu nikaangalia dirishani," Hafidha akasema, "nikaona jua."